Roboti ya hisa "iliyojaribiwa miaka kumi": takwimu zinasema nini hasa?

Msimu wa kuuza mazao ukifika na fedha zikaanza kuingia kwenye simu, ujumbe wa aina moja huanza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp na Telegram. Unasema kuna roboti, yaani programu ya kompyuta, inayonunua na kuuza hisa au fedha za kigeni yenyewe bila mtu kuigusa. Chini ya maneno hayo kuna mchoro wenye mstari unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia. "Imejaribiwa kwa miaka kumi," ujumbe unasema, "na kila mwaka imeleta faida." Kisha inafuata namba ya kutumia fedha.

Swali tunaloulizwa na wasikilizaji ni moja: je, huo mchoro ni wa kweli au umetengenezwa?

Mara nyingi umetengenezwa. Lakini leo tunataka kuzungumzia ule mwingine, ambao ni wa kweli kabisa. Hakuna aliyeghushi bei hata moja. Roboti ile, ukiipeleka kwenye bei za miaka kumi iliyopita, kweli inapata faida. Na bado mchoro huo haukuambii karibu chochote kuhusu faida ya mwaka ujao. Mtu aliyezoea kutafuta uongo anaweza kunaswa hapa, kwa sababu hataona uongo. Tuanze mwanzo.

Mbinu hujaribiwaje?

Kila roboti ya hisa imejengwa juu ya kanuni. Kanuni inaweza kuwa rahisi: "Nunua hisa ambayo bei yake imepanda wiki tatu mfululizo, iuze ikishuka kwa asilimia tano." Inaweza pia kuwa ngumu, yenye mamia ya masharti ambayo kompyuta imeyapanga yenyewe baada ya kupitia takwimu nyingi. Hiyo ndiyo inayoitwa modeli ya takwimu: kanuni iliyotokana na kuangalia yaliyopita ili kukisia yajayo.

Kabla ya kutumia fedha halisi, mwenye modeli huijaribu kwa bei za zamani. Anaiambia kompyuta: "Jifanye ni mwaka 2010. Fuata kanuni hii siku hadi siku mpaka 2020. Mwisho niambie ningekuwa na kiasi gani." Kompyuta hujibu kwa dakika chache. Jaribio hili la bei za zamani ni kazi ya kawaida na si utapeli. Benki kubwa za New York na London hulifanya, na vyuo vikuu hulifanya.

Matokeo yake hupimwa kwa vipimo kadhaa. Kinachotajwa zaidi kinaitwa kipimo cha Sharpe, kwa jina la William Sharpe, mchumi wa Marekani aliyekipendekeza mwaka 1966 na baadaye, mwaka 1990, akapata tuzo ya Nobel ya uchumi. Kinafanya jambo jepesi kueleweka: kinachukua faida ya ziada, yaani ile inayozidi faida ya kuweka fedha mahali salama, na kuigawanya kwa kiasi cha kuyumba kwa faida hiyo. Mbinu inayopata faida kidogo kwa utulivu inaweza kupata alama nzuri kuliko ile inayoruka juu leo na kuanguka kesho. Namba 1 huhesabiwa kuwa nzuri. Namba 2 huwafanya watu wa masoko wakae wima kwenye viti.

Swali la msingi ni hili: mbinu iliyopata alama kubwa kwenye bei za zamani, je, itapata alama kubwa kwenye bei ambazo bado hazijatokea?

Mbinu 888 zilipopimwa

Swali hilo limepimwa, na si kwa maneno. Mjini Boston, Marekani, ilianzishwa mwaka 2011 kampuni iliyoitwa Quantopian. Iliwapa watu wa nchi nyingi bei za zamani za hisa na mahali pa kuandika kanuni zao bure kupitia intaneti. Wenye mbinu bora wangepewa fedha za wawekezaji na kugawana faida. Mwaka 2016 tajiri Steve Cohen aliahidi kuweka hadi dola milioni 250 katika mbinu zitakazochaguliwa.

Mwaka huohuo watafiti wa kampuni hiyo walifanya jambo la maana. Walichukua mbinu 888 zilizoandikwa na watumiaji. Kila mbinu ilikuwa na matokeo ya aina mbili: ya bei za zamani, yaliyoonekana wakati mwandishi akiitengeneza, na ya bei mpya za miezi sita au zaidi, zilizokuja baada ya mbinu kukamilika. Bei hizi mpya mwandishi hakuwa ameziona. Watafiti wakalinganisha.

Kipimo cha Sharpe cha bei za zamani kilieleza chini ya asilimia 2.5 ya tofauti zilizoonekana kwenye bei mpya. Tuliweke hivi: zichukue tofauti zote kati ya mbinu zilizofanya vizuri na zilizofanya vibaya, uzigawe mafungu 100. Alama nzuri ya zamani ilieleza fungu mbili na nusu tu, au pungufu. Mafungu zaidi ya 97 yalitokana na mambo mengine, pamoja na bahati.

Walikuta jambo la pili, na sisi tunaliona kuwa zito zaidi. Kadiri mwandishi alivyoijaribu mbinu yake mara nyingi kwenye bei za zamani, akirekebisha hapa na pale, ndivyo pengo lilivyozidi kuwa kubwa kati ya alichoahidiwa na alichopata. Bidii ilimrudisha nyuma. Kwa nini?

Mwanafunzi anayekariri

Kila mzazi anamjua mwanafunzi wa aina hii. Anachukua karatasi za mitihani ya miaka iliyopita na kukariri majibu: swali la tatu jibu ni B, swali la nne jibu ni D. Ukimpa mtihani wa zamani anapata mia kwa mia. Ukimpa mtihani mpya, anakaa akitazama dari. Hakujifunza hesabu, alijifunza karatasi.

Modeli hufanya vivyo hivyo. Bei za hisa zina mambo mawili ndani yake: mwenendo wenye sababu, na mtikisiko usio na sababu inayojirudia. Ukiirekebisha kanuni mara 5, huenda ukashika mwenendo. Ukiirekebisha mara 500, unaanza kuifundisha ule mtikisiko. Unaiambia, bila kujua, "siku ile ya Machi bei ilishuka, basi usinunue siku ile." Kwenye bei za zamani inang'aa. Lakini siku ile ya Machi haitarudi.

Mtafiti wa Marekani David Leinweber alilionyesha jambo hili kwa kejeli. Alitafuta katika takwimu za dunia kitu kinachokwenda sambamba na kipimo cha S&P 500, kinachofuata hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani. Akakipata: uzalishaji wa siagi nchini Bangladesh. Kwa miaka kumi, siagi hiyo "ilieleza" asilimia 75 ya mabadiliko ya soko la Marekani. Akaongeza jibini ya Marekani na idadi ya kondoo wa nchi hizo mbili, ikafika asilimia 99. Namba zilikuwa halisi, na hesabu ilikuwa sahihi. Ila hakuna mtu mwenye akili timamu angeuza ng'ombe wake anunue hisa za New York kwa sababu Bangladesh wamepata maziwa mengi. Leinweber alitaka kuonyesha kwamba ukipekua vitu vingi vya kutosha, lazima kimoja kitafanana na unachokitafuta.

Mwaka 2014 wanahisabati David Bailey, Jonathan Borwein, Marcos López de Prado na Qiji Jim Zhu walipiga hesabu ya kiwango chenyewe. Ukiwa na bei za miaka 5, ukajaribu aina zaidi ya 45 za kanuni zisizotegemeana, karibu lazima utapata moja yenye Sharpe ya 1 hata kama zote hazina thamani yoyote. Kumbuka, 1 ni ile alama tuliyosema ni nzuri. Kompyuta ya kawaida inaweza kujaribu aina 45 kabla chai yako haijapoa.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha mchoro mmoja unaopanda, kitu muhimu kuliko mchoro ni idadi ya michoro aliyoitupa kabla ya kuupata huo. Na hiyo hakuonyeshi.

Mtabiri aliyepatia mara tano

Kuna njia nyingine ya kupata rekodi safi bila kujua chochote, na inafaa kuielewa kwa sababu inafanana na wanaouza ubashiri wa mechi.

Tuseme mtu ana namba za simu 3,200. Wiki ya kwanza anawatumia watu 1,600 ujumbe kwamba hisa fulani itapanda, na wengine 1,600 kwamba itashuka. Hisa inapanda. Anawaacha waliopata ujumbe wa uongo. Kwa 1,600 waliobaki anafanya hivyohivyo, nusu kwa nusu. Wanabaki 800, kisha 400, kisha 200, kisha 100.

Baada ya wiki tano kuna watu 100 ambao wameona kwa macho yao mtu akipatia mara tano mfululizo. Hawajadanganywa kuhusu walichokiona. Wiki ya sita anawaomba fedha. Yeye hajui zaidi ya shilingi inayorushwa juu. Waliobaki ndio hawajui habari za wenzao 3,100 walioachwa njiani.

Roboti zinaweza kufanya hivyo zenyewe kwa zenyewe. Anzisha 1,000, subiri mwaka, zima zilizopata hasara, tangaza zilizobaki.

Hata wenye Nobel

Msikilizaji anaweza kusema: hao ni matapeli na watu wa kujaribujaribu, lakini wataalamu wa kweli je?

Mwaka 1994 nchini Marekani ulianzishwa mfuko ulioitwa Long-Term Capital Management. Kiongozi wake alikuwa John Meriwether, na miongoni mwa washirika walikuwamo Myron Scholes na Robert Merton, ambao mwaka 1997 walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Modeli zao zilikuwa za hali ya juu na miaka ya mwanzo faida ilikuwa kubwa. Walikopa fedha nyingi mno juu ya mtaji wao.

Agosti 1998 Urusi ilishindwa kulipa madeni yake. Masoko yakaenda upande ambao modeli zilisema hauwezekani, au unaweza kutokea mara moja katika muda mrefu kupita kiasi. Kwa miezi michache mfuko ukapoteza zaidi ya dola bilioni 4. Benki Kuu ya Marekani tawi la New York iliwaita mabenki, na taasisi 14 zikachanga takriban dola bilioni 3.6 ili kuuzuia usianguke na kuvuta wengine. Hesabu zao hazikuwa na kosa la kujumlisha. Zilikuwa zimejifunza kutoka miaka ambayo jambo kama lile halikuwamo.

Hata kanuni za kweli huchakaa zikijulikana. Watafiti David McLean na Jeffrey Pontiff walipima kanuni 97 zilizochapishwa na wasomi, kila moja ikisema "hisa za aina hii huleta faida zaidi". Katika matokeo yaliyotoka mwaka 2016, walikuta kwamba nje ya miaka iliyotumika kuzigundua, faida ilipungua kwa asilimia 26, na baada ya kuchapishwa ilipungua kwa asilimia 58. Sehemu ilikuwa bahati tangu mwanzo. Sehemu nyingine iliondoka kwa sababu wengi waliisoma na kukimbilia mlango uleule.

Basi modeli hazina kazi?

Zina kazi, na tusizitupe zote. Utabiri wa mvua unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania unatokana na modeli, na mkulima anayeufuata kwa tahadhari anafaidika. Lakini mvua haisomi utabiri ikabadili njia, ilhali soko ni watu, na watu wakisikia ubashiri hubadili wanachofanya.

Katika zile mbinu 888 pia kulikuwa na habari njema kidogo. Alama ya faida haikutabiri kitu, lakini kiasi cha kuyumba na ukubwa wa anguko baya kuliko yote vilisaidia kukisia. Watafiti walipoiachia kompyuta iunganishe dalili nyingi kwa pamoja, iliweza kueleza asilimia 17 ya tofauti za matokeo mapya. Hiyo ni hatua kubwa kutoka 2.5. Bado asilimia 83 ilibaki gizani, na hao walikuwa watu wenye takwimu safi na hawakuwa na sababu ya kukuficha. Quantopian yenyewe, pamoja na yote hayo, ilirudisha fedha za wawekezaji na kufunga huduma zake mwaka 2020.

Wapo waliofaulu. Mfuko wa Medallion wa marehemu Jim Simons, mwanahisabati wa Marekani, ndio unaotajwa kuwa bora kuliko yote. Kwa hesabu alizozitoa mwandishi Gregory Zuckerman mwaka 2019, ulipata wastani wa asilimia 66 kwa mwaka kabla ya makato, kuanzia 1988 hadi 2018. Lakini tazama walichofanya wenye mfuko huo: waliwarudishia watu wa nje fedha zao na kubaki na wafanyakazi wao tu. Mwenye kisima kisichokauka hapiti nyumba kwa nyumba akiomba watu wachangie ndoo.

Sasa linganisha na ahadi ya "asilimia 10 kila mwezi" inayotumwa kwenye simu. Faida ikiachwa ndani izae, shilingi laki moja inakuwa karibu 314,000 kwa mwaka mmoja, zaidi ya milioni 30 kwa miaka 5, na zaidi ya bilioni 9 kwa miaka 10. Hiyo ni zaidi ya asilimia 200 kwa mwaka, mara tatu ya Medallion. Mtu mwenye uwezo huo angekopa laki moja kwa jirani na kunyamaza. Kwa nini anahitaji elfu hamsini ya mahindi yako?

Maswali ya kuuliza kabla ya kutuma

Tunajua fedha hizi zinatoka wapi. Ni ada ya shule, ni mbolea ya msimu ujao, na wakati mwingine ni akiba ya kikundi kizima ambayo mweka hazina ameshawishiwa kuihamisha. Ndiyo maana tunapendekeza maswali haya yaulizwe mbele ya watu, kwenye kikao, si faraghani kwenye simu.

Kwanza: umejaribu mbinu ngapi kabla ya hii? Asiyeweza kutaja idadi, au anayesema moja tu, mtilie shaka.

Pili: tuonyeshe matokeo ya baada ya mbinu kukamilika, kwa fedha halisi, yakiwa yamekaguliwa na mtu asiye wa kampuni yako. Mbegu mpya hupandwa kwenye mashamba ya majaribio ya maeneo tofauti kabla ya kuuzwa dukani. Mbinu ya fedha nayo ioteshwe mahali isipozaliwa.

Tatu: anguko baya kuliko yote lilikuwa kiasi gani na lilichukua muda gani kurudi? Hiki ndicho kipimo kilichoonyesha kusaidia. Anayesema haijawahi kuanguka hajaijaribu, au anaficha.

Nne: makato yamehesabiwa? Kila kununua na kuuza kuna ada. Mchoro wa zamani mara nyingi huchukulia kwamba kila bei uliyoiona ungeipata. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998, zipo hisa ambazo hupita siku bila kuuzwa kwa wingi. Roboti inayotaka kununua asubuhi na kuuza mchana haitapata wa kumuuzia.

Tano: una leseni? Tanzania, anayesimamia masoko ya mitaji ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Madalali wa hisa na mameneja wa mifuko ya uwekezaji wanatakiwa kuwa na leseni yake. Piga simu au tuma mtu ofisini kwao uulize jina la kampuni kabla ya kutuma shilingi. Leseni haikuhakikishii faida. Inakuhakikishia kwamba kuna mlango wa kugonga mambo yakiharibika.

Hatusemi watu wa vijijini wasinunue hisa. Siku hizi inawezekana kuzinunua kwa simu kupitia njia halali, na anayenunua hisa za kampuni anayoielewa, akazishika kwa miaka na kupokea gawio, anafanya jambo tofauti kabisa na anayekabidhi fedha kwa roboti asiyoijua. Wa kwanza anamiliki sehemu ya kampuni, hata bei ikishuka. Wa pili anamiliki ahadi na mchoro.

Kama kikundi chako kimeletewa pendekezo la aina hii, tusomee kwenye kipindi kabla hamjapiga kura, bila kutaja majina ya watu. Tutayapitia maswali matano pamoja hewani, moja baada ya jingine, na kila msikilizaji atajionea lipi limejibiwa na lipi limerukwa.